Sura ya Nne: Maji Hayachoki, Mitambo Huchoka

Kisangani ni mji uliozungukwa na maji yenye nguvu. Kutoka Ubundu hadi kwenye mlango wa mji, kwa mwendo wa kilomita 100 hivi, Mto Kongo hushuka maporomoko saba ya Boyoma na kuteremka kimo cha mita 60 hivi. Upande wa kaskazini Mto Tshopo nao una maporomoko yake, na hapo ndipo palipojengwa bwawa na nyumba ya mitambo ya SNEL, shirika la umeme la taifa. Mitambo hiyo ilianza kazi katika miaka ya 1950, wakati mji ukiitwa Stanleyville. Ina turbini tatu. Zote zikiwa nzima na maji yakitosha, uwezo wake haufiki megawati 20.

Mji wenyewe umekwisha kupita watu milioni moja. Tungegawana umeme huo sawa kwa sawa, kila mmoja angepata chini ya wati 20: taa mbili au tatu za LED, bila pasi, bila friji, bila mashine ya kusagia muhogo. Na hesabu hiyo ni ya siku njema. Kwa miaka mingi turbini moja au mbili tu ndizo zilizobeba mji mzima, na wakazi wamezoea mgao, mtaa huu leo na mtaa ule kesho. Umeme ukikatika, pampu za Regideso, shirika la maji, husimama nazo na mabomba hukauka. Akina mama wa mitaa ya Mangobo na Kabondo hubeba ndoo kwenda visimani na mtoni, na kipindupindu hupata njia ya kuingilia nyumbani.

Habari hii ya Kisangani ni habari ya nchi nzima kwa ufupi. Karibu umeme wote unaozalishwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unatokana na maji, kiasi kwamba kwa kipimo cha usafi wa umeme wake Kongo imeyapita mataifa mengi tajiri. Lakini ni mtu mmoja tu kati ya watano hivi anayeupata. Nguvu za maji ambazo wataalamu wamezipima nchini hukadiriwa kuwa megawati 100,000, na kilichokwisha kutumika ni sehemu ndogo sana yake.

Vitabu vingi vya shule huorodhesha faida za nishati jadidifu safu moja na hasara safu nyingine, kana kwamba ni tabia za maji au jua lenyewe. Sura hii inashika njia nyingine. Chanzo cha nishati hujirudisha chenyewe: mvua hunyesha tena, jua huchomoza tena, mti huchipua tena. Kila kilichowekwa kati ya chanzo na nyumba ya mwananchi, yaani turbini, nyaya, transfoma, betri na mkataba, huchakaa na hakijirudishi. Faida hutoka kwenye chanzo; hasara nyingi huzaliwa katika hiyo sehemu ya kati. Huko ndiko tunakopaswa kutazama.

Faida ya maji na bei yake

Nguvu ya umeme wa maji hutegemea mambo mawili: wingi wa maji yanayopita na urefu wa mteremko. Mita moja ya ujazo ya maji kwa kila sekunde, ikishuka mita kumi, hutoa kilowati 80 hivi baada ya kuondoa kinachopotea ndani ya mashine. Kijito cha namna hiyo, ambacho mtu huvuka kwa gogo moja, kinatosha kuendesha kituo cha afya, mashine za kusaga na taa za kijiji kikubwa. Mkoa wa Tshopo una vijito vingi vya namna hiyo ambavyo havijawahi kuguswa.

Faida ya kwanza ni kwamba maji hayanunuliwi. Dizeli inayofika Kisangani hupanda mto kutoka Kinshasa kwa majahazi, mwendo wa kilomita 1,700 hivi, au huja kwa malori kutoka Uganda kupitia msitu wa Ituri na barabara zake za matope. Kila lita inalipia safari hiyo kabla ya kuwasha taa hata moja. Maji ya Tshopo yanafika yenyewe. Faida ya pili ni umri. Kituo kilichojengwa katika miaka ya 1950 bado kinazalisha, na ni mitambo michache sana inayoweza kujivunia hivyo. Faida ya tatu ni kwamba maji hayasubiri mchana. Saa mbili usiku, familia zinaporudi nyumbani na hospitali zinapowasha taa za chumba cha upasuaji, turbini inazunguka kama adhuhuri.

Kongo ina bahati nyingine ya kijiografia. Mto wake mkuu huvuka ikweta mara mbili na kukusanya mvua za kaskazini na kusini yake, kwa hiyo upande mmoja ukiwa mkavu, mwingine unapata mvua. Ndiyo maana mtiririko wake hautikisiki kama wa mito mingi ya Afrika. Watanzania wanajua uchungu wa kukosa bahati hiyo: mwaka 2006, na tena 2011, kina cha mabwawa kilishuka na nchi ikaingia katika mgao mkali. Mto mdogo kama Tshopo, unaotegemea mvua za eneo moja, hauna kinga kamili ya mto mkuu. Miezi yenye mvua chache, hasa Januari na Februari, huuonjesha upungufu mapema.

Sasa bei yake. Umeme wa maji hudai fedha nyingi mwanzoni na uangalizi usiokatika baadaye. Turbini hukaa ndani ya maji yenye mchanga, nao mchanga husaga chuma taratibu. Beringi za mhimili hudai mafuta, nyaya za jenereta huzeeka kwa joto, na milango ya bwawa hushika kutu. Sehemu moja ikiharibika, kipuri hakipatikani sokoni mjini. Huagizwa kiwandani ng'ambo na kulipwa kwa fedha za kigeni. Kama shirika halikusanyi malipo ya wateja, au linayakusanya na kuyatumia mahali pengine, turbini itasimama siku fedha ya kipuri itakapokosekana. Mabwawa ya umeme ya Inga, fahari ya taifa, yanashuhudia hayo. Inga ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1972 ikiwa na megawati 351, na ya pili mwaka 1982 ikiwa na megawati 1,424. Kwa miaka mingi mitambo hiyo imezalisha karibu nusu tu ya uwezo wake, huku Mto Kongo ukipita pale pale kwa wingi ule ule.

Uchafu wa mijini nao ni adui. Huko Bukavu, kwenye kituo cha Ruzizi, chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa Ziwa Kivu huelea mpaka kwenye mdomo wa mto na kuziba njia ya maji. Wafanyakazi huiopoa kwa mikono na kwa mashine, lakini mara nyingine turbini hulazimika kuzimwa. Plastiki iliyotupwa asubuhi huweza kuwa giza la jioni katika mji huo huo.

Hasara nyingine ni kuweka mji mzima mikononi mwa kituo kimoja. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita, na raia wakafa kwa mamia. Katikati ya mapigano hayo umeme ulikatika, na maji ya bomba yakakatika pamoja nao. Watu waliokimbilia kanisani na chini ya vitanda walikosa hata maji ya kumpa majeruhi. Mji wenye kituo kimoja unaweza kuzimwa kwa pigo moja.

Wavuvi wa Boyoma

Wahandisi wakitazama Boyoma wanaona megawati. Wagenia, ambao wenyewe hujiita Waenya, wanaona samaki. Kwenye maji yanayochafuka husimamisha magogo marefu ndani ya mashimo ya miamba, huyafunga kwa kamba za msituni mpaka yawe jukwaa, kisha huning'iniza humo migono mikubwa yenye umbo la pia, mdomo wazi ukielekea mkondo. Samaki anayesukumwa na maji huingia, naye mkondo humzuia kugeuka. Wanaume hupanda magogo yanayotikisika juu ya povu, hushuka hadi kwenye migono na kuinua kilichonaswa. Kila ukoo unajua sehemu yake ya mto, na haki hiyo hurithiwa.

Mtego huu unafanya kazi kwa nguvu ile ile ambayo turbini huitaka: mteremko wa maji. Ndiyo maana viwili hivi haviwezi kukaa mahali pamoja. Bwawa kubwa likijengwa hapo, maji ya juu yatatulia, maporomoko yatazama, na migono haitakuwa na mkondo wa kuijaza. Samaki wanaopanda mto kwenda kuzaa watakuta ukuta. Kwa vipimo vya uchumi wa taifa, hasara hiyo huandikwa katika mstari mmoja wa ripoti. Kwa Waenya ni chakula, ni urithi, na ni sehemu ya jina la mji, kwa kuwa wageni wengi wanaoijua Kisangani huijua kwa picha za wavuvi hao.

Sisemi kwamba maji ya Mto Kongo yasiguswe kamwe. Nasema kwamba mradi unaoharibu riziki ya watu waliotangulia kuwapo hauwezi kuitwa safi kwa sababu tu hautoi moshi. Kuna njia za kupunguza madhara: vituo vinavyochepusha sehemu ndogo ya maji bila kuziba mto, mito midogo inayobeba mzigo badala ya mto mkuu, na ukarabati wa kituo kilichopo kabla ya kufikiria kipya. Njia hizo hazipigwi picha na mawaziri, ndiyo maana husahaulika.

Jua linapofika ambako nyaya hazifiki

Ukivuka Mto Kongo kutoka katikati ya mji unafika Lubunga, wilaya ya ng'ambo ya kushoto. Kuvusha umeme juu ya mto mpana namna hiyo ni kazi ya gharama kubwa. Ukiendelea kuelekea Opala au Ubundu, nguzo za umeme hutoweka kabisa. Huko ndiko jua linakoonyesha ubora wake.

Karibu na ikweta mchana una saa kumi na mbili mwaka mzima. Hakuna majira ya baridi yenye siku fupi kama huko Ulaya. Lakini Kisangani iko ndani ya msitu wa mvua, na mawingu hukaa juu yake kwa muda mrefu kuliko kule Katanga, kusini mwa nchi. Paneli ya wati 100, kwa wastani, itakupa wati-saa 300 hadi 400 kwa siku. Hizo zinatosha taa tatu kwa jioni nzima, simu kadhaa na redio, na chenji ikabaki. Pasi ya wati 1,000 ingezimaliza zote kwa dakika ishirini. Mtu akikuuzia paneli hiyo akasema itapiga pasi na kugandisha nyama, amekudanganya.

Faida kubwa ya jua ni kwamba linaanza na kidogo. Huwezi kununua robo ya bwawa, lakini unaweza kununua paneli moja mwaka huu na ya pili mwaka ujao. Bei za paneli duniani zilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, na ndiyo maana leo zinaonekana juu ya vibanda vya vinyozi na vya kuchaji simu katika kila soko la mkoa.

Mahali ninapoiona thamani yake kwa uwazi zaidi ni kwenye kituo cha afya cha kijijini. Chanjo nyingi lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zamani friji zilitumia mafuta ya taa: utambi ukiziba au mafuta yakichelewa, chanjo ziliharibika bila mtu kujua, na mtoto akachomwa dawa isiyomlinda. Siku hizi kuna friji za jua zisizo na betri kabisa. Paneli huendesha mashine mchana, nayo hutengeneza barafu ndani ya kuta za friji. Usiku na siku za mawingu barafu hiyo ndiyo inayotunza ubaridi. Betri, sehemu inayokufa mapema, imeondolewa. Ongeza taa juu ya kitanda cha kujifungulia, na muuguzi hahitaji tena kushika tochi kwa meno huku mikono yake ikipokea mtoto. Huu ni umeme mdogo sana kwa hesabu ya wati, na hakuna mwingine unaookoa maisha kwa bei hiyo.

Hasara zake nazo zisemwe waziwazi. Jua huzama wakati watu wanapohitaji mwanga, kwa hiyo sharti uweke akiba, na betri ya kawaida ya risasi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, wakati paneli bado ina miaka ishirini mbele yake. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi duniani, na mfumo usiofungwa waya wa ardhini huweza kuungua kwa radi moja. Masoko yamejaa paneli zilizobandikwa namba kubwa kuliko uwezo wao. Na miradi mingi ya misaada huleta vifaa bila kumfundisha mtu wa kuvitunza: baada ya miaka michache betri zimekufa, na paneli imebaki juu ya paa la shule ikikusanya majani.

Kuna njia ya katikati: gridi ndogo ya mtaa, yenye paneli nyingi, betri kubwa na jenereta ya akiba. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi. Februari 2020 kampuni ya Nuru ilizindua mjini Goma mtambo wa jua wa megawati 1.3 uliowapa wakazi na wafanyabiashara umeme wa saa zote. Bei ya uniti katika gridi za namna hii huwa juu kuliko ya SNEL, kwa sababu mwekezaji lazima arudishe mtaji. Hata hivyo ni nafuu kuliko dizeli, na fundi wa kuchomelea vyuma atakwambia kwamba umeme ghali unaokuwapo unamlisha kuliko umeme rahisi usiokuwapo.

Makala, nishati kubwa kuliko zote

Tumezungumza juu ya umeme, lakini nishati inayotumika zaidi Kisangani haipiti kwenye waya. Zaidi ya kaya tisa kati ya kumi nchini hupika kwa kuni au makaa, yale ambayo mji wote huyaita makala. Asubuhi na mapema magunia yake huingia mjini juu ya baiskeli kutoka barabara za Buta, Ituri na Ubundu, mwendeshaji akitembea kando na kusukuma kwa bega, au hushushwa kutoka kwenye mitumbwi ufukweni. Sombe haiivi kwa balbu. Mpango wowote wa nishati usioanzia kwenye mbabula, jiko la makala la mama, haujaifikia nyumba yake.

Kwa asili yake kuni ni nishati jadidifu, kwa sharti moja: mti ukatwe kwa kasi isiyozidi kasi ya kuota. Lakini tanuri la kienyeji la makala huangamiza sehemu kubwa ya nguvu ya mti. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, hutia moto na kuulinda kwa siku kadhaa ili kuni ziungue bila kuwaka. Mwishowe, kwa kila kilo mia za kuni, hupata kilo kumi na tano au ishirini za makala. Tanuri lililopangwa vizuri, kuni zikiwa zimekauka na likiwa na bomba la kutolea moshi, huongeza mavuno bila kukata mti mmoja zaidi.

Haki itendeke pia kwa wachomaji. Sababu kuu ya kupungua kwa msitu Kongo ni kufyekwa kwa mashamba ya familia, na makala mengi hutokana na miti iliyokwisha kuangushwa kwa ajili ya shamba. Kumlaumu mchomaji peke yake ni kukwepa swali la ardhi na umaskini. Lakini madhara ya moshi hayana mjadala: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa jikoni huua watu wapatao milioni tatu kila mwaka duniani, wengi wao wanawake na watoto.

Mfano wa kufuata uko kilomita 100 hivi magharibi ya mji, Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo tangu 1933 na leo hifadhi ya msitu inayotambuliwa na UNESCO. Huko mradi ulioongozwa na CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu, kwa fedha za Umoja wa Ulaya ulipanda mashamba ya miti inayokua haraka na kujenga mtambo unaogeuza kuni kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Karibu na Kinshasa, huko Mampu, wakulima wamekuwa wakipanda miti ya akasia pamoja na muhogo kwa miongo kadhaa: shamba hutoa chakula kwanza, makala baadaye, na udongo hurudi na rutuba. Kitu kama hicho pembezoni mwa Kisangani kingepunguza safari za baiskeli na shinikizo juu ya msitu wa asili kwa pamoja.

Somo la upepo kutoka Turkana

Upepo hautuhusu sana kama chanzo. Katikati ya bonde la Kongo ni hafifu mno kuzungusha mitambo mikubwa. Unatuhusu kama somo. Karibu na Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuna mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, katika nyika yenye upepo usiolala. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme haikukamilika mpaka mwaka uliofuata, na kwa mujibu wa mkataba Wakenya walidaiwa fidia ya umeme ambao hawakuupokea. Mwaka 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilitolewa bila kufuata sheria, kufuatia kesi ya jamii za wafugaji. Upepo ulitimiza ahadi yake siku zote. Nyaya na hati ndizo zilizokosewa.

Kongo ina kielelezo kikubwa zaidi. Tangu 1982 njia ya umeme yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi hutoka Inga hadi Kolwezi kulisha migodi ya shaba. Inapita juu ya vijiji na miji isiyo na taa. Wananchi waliolipa deni la njia hiyo kupitia bajeti ya taifa wameishi chini ya nyaya zake wakipika kwa kuni.

Bei inayolipwa mbali

Nishati safi ya mahali pamoja huweza kuacha uchafu mahali pengine. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa pande za Kolwezi, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono katika mashimo yanayoporomoka. Kobalti hiyo huingia katika betri za magari ya nchi zisizojua jina la Kolwezi. Ziko betri za lithiamu na chuma zisizohitaji kobalti, nazo ndizo zinazofaa zaidi kwa umeme wa jua wa majumbani kwa kuwa hudumu miaka kumi hivi.

Betri za risasi zina hatari yake. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi kati ya 2007 na 2014. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kisangani inapokea betri kila mwezi. Kila betri inayoingia itakufa siku moja, na lazima ijulikane mapema itapelekwa wapi.

Maswali matano kabla ya kukubali

Tulichojifunza kinaweza kufupishwa katika maswali ambayo kila mtaa, parokia, msikiti au ushirika unapaswa kumwuliza yeyote anayeleta mradi wa nishati. Je, kipuri cha kwanza kitakachoharibika kitatoka wapi, na fedha yake imewekwa kwa nani? Ni nani hapa kwetu amefundishwa kukirekebisha? Chanzo kikipungua, kwa ukame au mawingu, tutategemea nini? Nani anapoteza shamba, samaki au makaburi ya wazee wake, na amekubali kwa maandishi? Na mwisho, umeme utamfikia anayeishi chini ya nyaya, au utampita?

Kwa Kisangani, naona mpangilio ulio wazi. Kwanza kituo cha Tshopo kirudishiwe turbini zake zote tatu na kiwekewe mfuko wa matengenezo usioguswa kwa jambo jingine, kwa sababu megawati iliyokwisha kujengwa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Pili, vituo vya afya, pampu za maji na vitongoji vya ng'ambo vipewe jua sasa, bila kungoja nguzo. Tatu, miti ipandwe pembezoni mwa mji kwa ajili ya makala, na majiko bora yaenee. Mto mkuu usubiri mpaka Waenya wawe wamekaa mezani kama wenye mali.

Hakuna hatua yoyote kati ya hizo itakayodumu bila hesabu za wazi. Mteja wa SNEL ana haki ya kujua kila mwezi turbini ngapi zinafanya kazi, fedha kiasi gani zimekusanywa mjini, na kiasi gani kimerudi kwenye matengenezo. Chuo Kikuu cha Kisangani kina vijana wanaoweza kuzisoma hesabu hizo na kuzieleza redioni kwa Kiswahili na Kilingala. Bunge la mkoa lina uwezo wa kuzidai. Zidaiwe kila mwezi, hata mwezi ambao taa zinawaka, kwa maana matengenezo yanayongoja giza huwa yamechelewa.